Mfuko Nilioushona kwa Mkono Wangu

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, ni mama wa watoto wawili na fundi wa cherehani mjini Kitale. Sokoni wananiita Mama Wekesa, kwa jina la kifungua mimba wangu. Watakwambia pia kwamba nina mdomo. Ni kweli, ninao! Nimesoma mikasa ya wengine kwenye ukurasa huu kwa miaka mingi, nikiwacheka baadhi yao na kuwaona wajinga. Leo ni zamu yangu, na anayetaka kunicheka acheke.

Wazazi wangu walitoka mkoa wa kati wakaja Trans-Nzoia kutafuta shamba. Mimi nilizaliwa huku, nikala mahindi ya huku na nikaolewa huku. Mume wangu, Simiyu, alikuwa Mbukusu wa Bungoma, upande wa kuelekea Lwakhakha, kule mpakani na Uganda. Alikuwa daktari wa ng'ombe. Si yule wa shahada kubwa, bali yule wa pikipiki na mkoba, anayeitwa ng'ombe akikataa kula au akishindwa kuzaa.

Mikono yake ndiyo iliyonifanya nimpende. Alikuja kibandani kwangu kubadilishiwa zipu ya koti, akaniona nikihangaika kutia uzi kwenye tundu la sindano. Akanipokonya bila hata kuomba ruhusa, akautia mara moja! Nikajiambia kwamba mwanamume mwenye mkono uliotulia namna hii hawezi kunipiga. Na kweli, hakunipiga hata siku moja.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipopotelea. Mimi mlevi nilimjua kwa kofi. Nilimjua kwa kulala mtaroni, kwa kutukana majirani na kuuza mabati ya nyumba yake. Simiyu hakuwa hivyo. Alikunywa, ndiyo, lakini nani hakunywa? Mkulima ambaye ng'ombe wake amepona angemshukuruje daktari? Chungu cha busaa kiliwekwa katikati, mirija ikaletwa, wakanywa wakizungumza mambo ya malisho. Alirudi nyumbani amechangamka, akiwabeba watoto mabegani na kuniimbia jikoni. Wenzangu wakilia kwa sababu ya waume zao, mimi nilijivuna. Wangu ni mnywaji mstaarabu!

Halafu akaanza kuniomba chai nusu kikombe.

Nilishangaa. Mtu aliyekuwa akimaliza birika, leo anataka nusu? Alisema kikombe kikijaa chai hupoa kabla hajaimaliza. Nikakubali. Ni baadaye sana nilipoelewa kwamba kikombe kikijaa kilimwagika, kwa sababu asubuhi mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa akikishika kwa mikono miwili, ameupa mlango mgongo. Akishatoka kidogo, "kununua gazeti", alirudi mikono imetulia na ameweka peremende mdomoni. Peremende hazikumkosa mfukoni. Watoto walimpenda kwa ajili ya peremende hizo!

Chakula cha asubuhi aliacha kabisa, akisema ana vidonda vya tumbo. Alianza kusahau. Angeniahidi jambo Jumatatu, Jumanne akaapa hatukuzungumza. Kanisani alitoka jasho hata siku za baridi, na kabla mahubiri hayajafika katikati alininong'oneza kwamba ameitwa kumwona ng'ombe mgonjwa. Nauliza, ng'ombe gani huyu aliyekuwa akiugua kila Jumapili, saa ile ile? Mbona sikujiuliza wakati huo?

Mama mkwe wangu alikuwa na jibu lake. Kwetu tulimwita Mama, na watoto walimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa mjane mchapakazi, akifanya biashara ya ndizi na nguo za mitumba kule Lwakhakha, akivuka na kurudi tangu Simiyu akiwa mtoto. Alinipenda. Hilo silikatai hata leo. Siku niliyopelekwa kwao, wakati mashangazi wengine walinuna kwa sababu sijui lugha yao, ni yeye aliyenishika mkono na kuniketisha karibu naye. Aliposikia kwamba mwanawe anatetemeka, alilia akasema huo ni mkono wa mtu. Kuna aliyeionea wivu kazi yake! Tukamtafutia maombi. Tukamnywesha miti shamba. Simiyu alikubali yote kwa upole, na asubuhi iliyofuata alienda "kununua gazeti".

Siku moja aliitwa Kapsokwony, kule kwenye mteremko wa Mlima Elgon, kumdunga sindano ng'ombe wa maziwa. Mkono ukaruka, sindano ikavunjikia shingoni mwa mnyama, na yeye mwenyewe akateleza kwenye ule mteremko na kuumia mbavu. Mwenye ng'ombe ndiye aliyemleta hospitali Kitale. Alinivuta kando akaniambia kwa sauti ya huruma, "Mama, daktari ni mtu mzuri. Lakini saa tatu asubuhi alikuwa ananuka."

Nilitaka kumrukia! Nilimwambia mume wangu si mlevi.

Na maneno hayo hayo nilimwambia daktari wa hospitali. Alikuwa kijana mtulivu. Hakubishana nami. Alimgeukia Simiyu akamuuliza ile ya kwanza huinywa saa ngapi, na kama aliwahi kujaribu kupunguza akashindwa. Simiyu alitazama miguu yake. Kisha akajibu kwamba hunywa kabla jua halijatoka vizuri... la sivyo hawezi kufunga vifungo vya shati.

Mimi, mke wake, fundi niliyevishona vifungo hivyo, sikujua!

Daktari alinieleza taratibu kwamba ulevi haupimwi kwa kuanguka. Mwili ukidai pombe asubuhi ndipo utulie, mtu akianza kuificha, kazi yake ikiharibika na bado akaendelea, huyo tayari ameshikwa, hata kama anavaa tai na hutoa sadaka. Alisema ini la Simiyu limeumia. Asiguse pombe tena, hata tone. Na asijaribu kuacha peke yake nyumbani, kwa sababu mwili uliozoea kiasi hicho ukinyimwa ghafla unaweza kumgeuka vibaya. Wakamlaza. Alitetemeka, akaona wadudu ukutani ambao hawakuwepo, akaniita kwa jina la dada yake. Wakampa dawa. Siku zikapita, akatulia, akatoka hospitali amekonda lakini macho yamefunguka.

Jumapili ya kwanza alisimama mbele ya kanisa, akaweka mkono juu ya Biblia na kula kiapo. Hatakunywa tena! Kanisa zima lilipiga vigelegele. Nililia hadi kitambaa changu kikalowa. Mama alikuwa amesafiri kutoka Bungoma kwa ajili ya siku hiyo, naye akasimama na kusema maneno ambayo sitayasahau. Alisema, "Mimi ndiye nilimzaa. Mnipatie yeye nimlinde."

Tukakubaliana. Kitale ilikuwa na marafiki wengi mno, kila kona mtu anamwita daktari aje aonje. Mimi nilikuwa na kibanda na karo ya shule. Basi aende akapumzike kwa mama yake hadi apate nguvu, nami niwe nikienda kumwona wikendi. Nilimkabidhi mume wangu kwa mikono yangu miwili, nikarudi kwenye cherehani yangu nikiwa nimetua mzigo.

Huo ulikuwa mwaka wa 2006, na wenyeji wa Bungoma wanajua maana yake. Mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa tohara. Wekesa wetu alikuwa amefika umri, na Agosti angesimama mbele ya boma la baba yake. Kwa Wabukusu si jambo dogo. Mvulana hutoka mtoni alfajiri amepakwa tope mwili mzima, umati ukimfuata kwa nyimbo, na akifika uani husimama wima mbele ya watu. Hakonyezi jicho. Hatikisiki. Akitikisika, aibu hiyo itamfuata hadi uzeeni. Na baba yake awe pale, amesimama naye asitikisike.

Simiyu alisema anataka suti ya siku hiyo, na nani angeishona kama si mimi? Nilichagua kitambaa kizuri cha kijivu. Nilipokuwa nikimpima aliniambia, kana kwamba ni jambo la kupita tu, "Mama Wekesa, weka mfuko ingine hapo ndani. Ya kuweka kalamu na karatasi ya hotuba."

Nikaweka. Nikaushona kwa uangalifu, nyuma ya bitana, bapa kabisa, mtu asiweze kuuona kwa nje. Nilimwonyesha kwa fahari!

Mama naye akaniomba petikoti yenye mfuko mrefu, wa kuwekea pesa zake za biashara huko mpakani, kwa sababu wezi walikuwa wengi. Nikamshonea mbili. Sikutaka alipe.

Nilipoenda kumwona Simiyu katika mwezi wake wa kwanza kwa mama yake, nilimkuta chini ya paa la jikoni ameshika kikombe cha chai... kimejaa hadi ukingoni! Hakikumwagika hata kidogo. Mikono imetulia kama siku ile ya uzi na sindano. Nilipiga magoti pale pale kwenye kuni na kumshukuru Mungu. Niliporudi Kitale nilitoa ushuhuda kanisani. Nilieleza habari za kile kikombe. Watu waliniombea, wengine wakaniuliza huyo mama mkwe alitumia dawa gani, ili nao wampelekee waume zao.

Dawa gani! Laiti wangejua... laiti ningejua!

Kila nilipoenda mikono ilikuwa imetulia, lakini futi yangu ilikuwa ikiniambia kitu kingine. Nilipomjaribisha koti mwezi wa Julai, mabega yalikuwa yamepwaya na mikono imekonda ndani ya kitambaa, lakini tumbo lilikataa kufungwa. Nimewapima watu kwa miaka mingi. Mtu akinenepa hunenepa shingo, mabega na makalio. Huyu alikuwa akinenepa tumbo peke yake. Tena weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano. Nikamwambia Mama kwamba sielewi mwili huu.

Alicheka. "Wewe wachana na hiyo futi yako. Mtu amekula uji ya mama yake, si lazima aote kitambi?"

Na macho? Akasema ni moshi wa jikoni. Simiyu akacheka naye. Shemeji yangu Barasa, kaka mkubwa wa Simiyu, alikuwa ameketi pale pale, na yeye akaangalia pembeni. Niliona alivyoangalia pembeni. Nikalipanua koti tumboni, nikalipunguza mabegani, nikajiambia kwamba mke mwenye shaka nyingi huvunja nyumba yake mwenyewe. Walinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wote watatu, mchana kweupe, na mimi nikasema asante.

Siku ikafika. Jana yake Wekesa alikuwa amekwenda kwa mjomba, kama desturi inavyotaka, na mjomba ni kaka yangu, ambaye hakuwa na habari na desturi hizo. Ilibidi afundishwe kwa simu jinsi ya kumchinja ng'ombe na kumvisha mpwa wake nyama shingoni. Alimvisha akiwa amefunga macho! Tulicheka sana. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika ndoa yangu.

Alfajiri tulisikia nyimbo zikipanda kutoka mtoni. Akina mama tulikaa nyuma, kama inavyotakiwa, lakini mimi nilichungulia. Simiyu alikuwa amesimama uani ndani ya suti ya kijivu, ameshika fimbo, mikono imetulia. Alikuwa amependeza. Nilijiambia kwamba mateso yetu yamekwisha.

Wekesa akaingia. Ule mwili mdogo umejaa tope, unyasi umesimama kichwani, macho yameganda mbele. Akasimama mahali pake. Umati ukanyamaza. Na hapo, kabla mtahiri hajainama, Simiyu alikohoa.

Alikohoa mara moja tu. Kisha akashika mdomo wake na damu ikapita kati ya vidole. Haikuwa damu ya kutema, ilikuwa damu ya kumwagika! Akaanguka kifudifudi mbele ya mtoto wake.

Niliwasukuma wazee wawili nikamfikia. Nikamgeuza, nikafungua koti ili apumue, nikavuta bitana kwa nguvu... na kutoka kwenye ule mfuko wangu, mfuko nilioushona bapa asiuone mtu, vikaanguka vipakiti vidogo vya plastiki. Waragi! Ile pombe kali ya kuvushwa kutoka ng'ambo ya Lwakhakha. Vingine vilikuwa vimejaa, vingine vimeng'atwa pembe na kunyonywa. Vilitawanyika uani mbele ya ukoo mzima. Hapakuwa na kalamu. Hapakuwa na hotuba.

Niliinua macho. Wekesa alikuwa amesimama mbele yangu. Aliona damu, aliona vile vipakiti, alimwona baba yake chini. Na hakuruhusiwa kutikisika! Machozi yalimtoka yakachora mistari kwenye tope, lakini hakukonyeza jicho wala hakugeuza shingo. Mtahiri akamaliza kazi yake. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nimemwomba Mungu aniondolee picha hiyo kichwani, bado hajaniondolea.

Barasa alipata gari la jirani tukamkimbiza Simiyu hospitali Bungoma. Daktari wa huko alisema ini lilikuwa limeharibika hivi kwamba mishipa ya kooni imevimba na kupasuka. Akauliza amekuwa akinywa kwa muda gani tangu alipoambiwa aache. Nikajibu kwa sauti kwamba hajanywa tangu alipokula kiapo mwezi wa Machi, ni hivyo vipakiti tu vya leo. Daktari alimtazama Barasa, na Barasa akamtazama Mama.

Tulikaa kando ya kitanda. Mchana Simiyu alianza kutetemeka, kwanza vidole, kisha mikono mizima. Na hapo, ndugu msomaji, kwa macho yangu haya, nilimwona Mama akiangalia huku na huku, akapandisha gauni lake kidogo, akaingiza mkono kwenye petikoti... petikoti yangu! Akatoa kipakiti. Akaking'ata pembe na kuinamia mdomo wa mwanawe.

Nilimpokonya. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu mbele ya wagonjwa, jambo ambalo mwanamke aliyelelewa vizuri halifanyi. Nilimuuliza, "Unataka kumuua?" Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali, machozi yakimtiririka.

"Huoni anatetemeka?" alisema. "Ni ya kutoa loki tu. Kidogo ya asubuhi, mwili inatulia. Mimi nampatia kila siku, na huwa anatulia. Si wewe mwenyewe uliona anatulia?"

Kutoa loki! Wanywaji wanalijua neno hilo, lile funda la asubuhi la kufukuza uchovu wa jana. Basi kile kikombe kilichojaa, kile nilichokitolea ushuhuda kanisani, kilitulia kwa sababu Mama alikuwa ameshampa. Kila nilipopiga magoti kushukuru, walikuwa wametoka kumnywesha. Mkono uliotulia ndio ulionidanganya! Angetetemeka mbele yangu ningejua. Nao walihakikisha hatetemeki.

Barasa alijaribu kunieleza pale nje kwenye veranda. "Shemeji, ungetaka tufanye nini, bana? Baba ya mtoto atetemeke mbele ya watu siku kama hiyo? Ati watu waseme nini?" Alisema wote walijua. Wake zake yeye Barasa walijua. Rika la Simiyu, wale waliotahiriwa naye, walijua. Mzee wa kanisa wa pale kijijini alijua. Mimi peke yangu, niliyekuwa nikileta sukari na sabuni kila wikendi, ndiye niliyefichwa. Walimwonea aibu atetemeke, hawakumwonea huruma afe.

Jioni Simiyu alifumbua macho. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, maneno makali, lakini yeye alinitangulia. Aliniambia nisimlaumu mama yake. Alisema wiki ya kwanza mikono ilikuwa bado ikimsumbua kidogo, akamwomba Mama kipakiti kimoja, kimoja tu, naye akamnyima. Akamwomba tena akilia. Mama hawezi kumsikia mwanawe akilia. "Halafu nikakuomba wewe mfuko," alisema. Nilimshika ile mikono hadi alipolala, na siku iliyofuata kabla ya adhuhuri alifariki dunia.

Mnafikiri nilibembelezwa? Kwenye matanga nilisikia mashangazi wakisema kwamba mwanamke wa Kitale ndiye aliyemuua, kwa kumpeleka hospitali na kumlazimisha kuacha kitu alichozoea. Ati angeachwa anywe pole pole angekuwa hai! Mama alisikia maneno hayo. Alikuwa ameketi karibu nami kwenye mkeka, kama siku ile niliyopelekwa kwao. Nilimngoja afungue mdomo, aseme ukweli mara moja tu. Hakusema. Hicho, wasomaji wenzangu, ndicho kilichoniuma kuliko vipakiti.

Nilirudi Kitale na watoto wangu. Sikukanyaga Bungoma kwa zaidi ya mwaka. Nilishona, nikalipa karo, nikawa mkali kwa wateja hadi wengine wakahama.

Siku moja nikaona kivuli mlangoni. Ni Mama, amezeeka ghafla, ameshika mfuko wa plastiki. Hakuketi. Alitoa petikoti zile mbili, zimefuliwa na kukunjwa. Mifuko ilikuwa imefumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja, na mtu asiye fundi. Akaziweka juu ya cherehani yangu. Alisema amewaambia watu wa nyumbani ukweli, pale kanisani, Jumapili iliyopita, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akimpa. Wengine walitoka nje akiwa bado anasema.

Sikumwambia nimemsamehe. Bado sijui kama nimemsamehe. Nilimpikia chai, akainywa, akalala kwangu na asubuhi nikamsindikiza hadi steji ya matatu. Siku hizi huja mara kwa mara. Hatuzungumzii habari za Simiyu, ila wakati mwingine namwona akitazama koti la kijivu ambalo sikuweza kulitupa.

Dada zangu, kaka zangu, nawasihi. Msingoje mtu wenu aanguke mtaroni ndipo mumwite mgonjwa. Mtazameni asubuhi. Mtazameni anavyoshika kikombe, anavyokataa kula, anavyotoka kidogo na kurudi ametulia. Sikilizeni ahadi anazosahau. Akikwambia hawezi kuanza siku bila ile ya kwanza, usimtukane na usimfiche, mpeleke kwa wanaojua kutibu, na akitoka usimkabidhi kwa mtu ambaye hawezi kumwambia hapana. Na wewe unayempa kidogo ili atulie, kwa sababu unampenda, nakuomba kwa jina la Mungu uache. Mume wangu alipendwa na watu wengi, na hakuna hata mmoja aliyemkatalia.

Wekesa sasa yuko kidato cha tatu. Amerefuka, ana mabega ya baba yake. Likizo iliyopita aliniomba nimshonee koti. Nilimpima, kisha nikamuuliza kama napaswa kuweka mfuko wa ndani, maana vijana wote huutaka. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka, nikaificha chaki kwenye kiganja ili asione.

Aliona. Akanishika mkono, akaushikilia hadi ukatulia.

"Hapana, mama," alisema. "Yote weka nje. Mahali utaona."